Makontena na Nyumba za Vipande: Je, Zafaa Mazwi?

Swali lililotufikia msimu huu si la karafuu, ingawa limetoka kwa watu wa karafuu. Jamaa kadhaa wa wanachama wetu wa Pemba wanafanya biashara Mazwi, katika mji wa Sumbawanga, huko juu katika nchi ya Ufipa, nao wamechoka kulipa kodi ya nyumba mwezi baada ya mwezi. Wameona matangazo ya nyumba za kontena, na ya nyumba za vipande vinavyotengenezwa kiwandani, zikisifiwa ya kuwa ni za bei nafuu, ni za haraka, tena zadumu. Wanauliza kama fedha ya mavuno, ambayo wazee wao wako tayari kuwapelekea, itumike kwa kazi hiyo.

Swali ni zito, maana fedha ya karafuu hupatikana kwa kupanda juu ya mti, na mti wenyewe hauzai sawasawa kila mwaka. Mtu akiipoteza fedha ya mwaka wa neema, pengine atangoja miaka mitatu minne ndipo aione tena. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulijibu swali hili kwa urefu, si kwa hao walio Mazwi tu, bali kwa kila mwanachama, kwani hapa kisiwani pia wapo waliokwisha kuulizia makontena kwa ajili ya madago ya wachumaji na ghala za karafuu.

NCHI YENYEWE

Wanachama wengi hawajapata kufika huko, basi tuwaeleze kidogo. Mazwi ni moja ya kata za mji wa Sumbawanga, ambao ni makao makuu ya mkoa wa Rukwa. Mji uko katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,800 toka usawa wa bahari, yaani karibu futi 6,000. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita zaidi ya 1,100 kwa njia ya Mbeya na Tunduma. Zamani sehemu ya mwisho, kutoka Tunduma, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na lori liliweza kukwama siku nzima. Barabara hiyo ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani, katika mkataba ulioanza 2008 na kwisha 2013, na sasa malori hupita mwaka mzima.

Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, tena kwa radi nyingi. Kisha huja baridi. Mtu wa Wete au Mkoani aliyezoea kulala na shuka moja, akifika Mazwi mwezi wa Juni au Julai hapana budi kununua blanketi zito siku ile ile. Jambo hili la baridi tafadhali lishikwe moyoni, maana ndilo kubwa katika habari hii yote.

Wenye kuijua Sumbawanga kwa hadithi tu hudhani ni nchi ya uchawi. Ukweli ni kwamba ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na ng'ombe, na ya watu hodari wa kazi. Wafipa tangu zamani walikuwa mafundi wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, na magofu ya baadhi yake yamebaki hata leo. Basi chuma si kitu kigeni Ufipa. Lakini Mfipa alitumia chuma kwa jembe, shoka na mkuki, na nyumba akaijenga kwa udongo. Nasi twadhani alijua kwa nini.

KONTENA NI KITU GANI

Kontena lilizaliwa kuwa chombo cha mizigo, na mpaka leo halijasahau asili yake. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani mmoja, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 ya chuma katika meli iitwayo Ideal X huko Newark, yakapelekwa Houston. Kabla ya hapo gunia lilibebwa moja moja na makuli, kama karafuu zetu zilivyokuwa zikipakiwa. Baadaye mataifa yalikubaliana juu ya vipimo, ndiyo maana kontena la Shanghai na la Mombasa hukaa juu ya lori lile lile bila taabu.

Vipimo hivyo mnunuzi avijue kwa moyo. Kontena dogo lina urefu wa futi 20, upana wa futi 8, na kimo cha futi 8 na nusu. Kubwa ni futi 40, kwa upana ule ule. Yapo pia marefu zaidi kwenda juu, ya futi 9 na nusu, na anayetaka kuishi ndani atafute haya. Lile dogo likiwa tupu lina uzito wa tani 2 na kitu. Kubwa karibu tani 4. Upana wa ndani ni futi 7 na inchi 8 tu.

Upana huo usitushangaze mno. Wazee wetu wa Mji Mkongwe nao walijenga vyumba vyembamba na virefu, maana boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa, na urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Uarabuni, na huko nako vyumba vikawa vya kipimo kile kile. Kwa hiyo mtu akituambia ya kuwa habari ya nyumba kusafiri baharini kwa vipande ni jambo jipya, twamcheka kidogo. Tofauti iko katika kuta. Ukuta wa mzee ulikuwa wa mawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima au kupita; jua lilipiga kutwa, na joto halijafika ndani hata jioni. Ukuta wa kontena ni bati la chuma lenye unene wa milimita 2 hivi. Jua likipiga, ndani ni tanuri. Usiku wa baridi ukiingia, ndani ni barafu.

Na kuna jasho. Watu wanne wakilala katika sanduku la chuma lililofungwa, pumzi zao zina maji. Hewa hiyo yenye maji ikigusa dari ya chuma iliyopoa, maji hujikusanya yakadondoka juu ya godoro kama mvua ndogo. Mtu hudhani kontena linavuja, akapanda juu kuziba tundu lisilokuwapo. Dawa yake ni mbili, na zote zatakiwa pamoja: kuta na dari zivikwe ndani kwa kitu cha kuzuia joto na baridi, kisha mbao juu yake, na matundu ya hewa yakatwe juu na chini pande mbili zinazokabiliana. Lakini kila inchi ya kuvika huliwa katika upana. Ukitia inchi 3 kila upande, chumba chabaki futi 7 na inchi 2. Kitanda cha sita kwa sita kikiingia humo, mwenye nyumba atapita kwa ubavu.

JAMBO LA HATARI

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Katika nchi ya baridi watu huingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba usiku, wapate moto, hasa ikiwa kuna mtoto mchanga. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huingia katika damu ikachukua nafasi ya hewa njema. Aliyelala haamki. Hata katika nyumba ya tofali hatari hiyo ipo, na watu hufa kwa ajili yake. Lakini nyumba ya tofali yenye paa la bati ina nyufa, ina nafasi kati ya ukuta na paa, ina dirisha lisilofunga vizuri. Kontena limetengenezwa makusudi lisipitishe hata tone la bahari, na milango yake ina mipira ya kuziba. Jiko la mkaa ndani ya kontena ni kaburi. Hatusemi hivi kwa kutia chumvi. Ikiwa wale vijana wa Mazwi hawatakumbuka neno jingine lolote katika ukurasa huu, na walikumbuke hili.

Pili, milango ya kontena hufungwa kwa nje, kwa vyuma vya kusimama. Aliye ndani hawezi kujifungulia. Nyumba ya kontena lazima ikatiwe mlango wa kawaida unaofunguka kwa ndani, na ile mikubwa ama iondolewe, ama ichomelewe isiweze kufungwa. Watoto hucheza mahali popote.

Tatu ni umeme. Nyumba nzima ni chuma, basi waya mmoja ukichubuka ukagusa ukuta, ukuta wote wawa na umeme. Fundi asiye na ujuzi, anayejua tu kuunganisha taa, asiruhusiwe. Waya wa ardhini uwekwe, na upimwe.

HESABU YA MTU MWENYE FEDHA CHACHE

Watu husema kontena ni rahisi. Hatutaji bei hapa, kwa kuwa bei ya leo si ya mwezi ujao. Twatoa hesabu ambayo haibadiliki. Kontena la futi 20 lina eneo la futi za mraba 160. Nyumba ya kawaida ya jamaa, yenye vyumba vitatu na sebule, tuseme futi 30 kwa 30, ni futi za mraba 900. Kugawanya 900 kwa 160 ni zaidi ya 5 na nusu. Yaani ili mtu apate nyumba ile ile anahitaji makontena 6 madogo, au 3 makubwa. Lori moja hubeba kubwa moja au madogo mawili, kwa hiyo ni safari 3 za kilomita 1,100 kutoka bandarini mpaka Mazwi, kisha kreni ya kuyashusha. Muuzaji wa Dar es Salaam hutaja bei ya sanduku lililokaa kiwanjani kwake, si ya sanduku lililokaa kwako. Muulizeni bei ya kulifikisha na kulishusha, mwone uso wake unavyobadilika.

Makontena mengi huingia nchini kwa muda tu, nayo ni mali ya makampuni ya meli. Likibaki likauzwa humu, ushuru wake hulipwa. Mnunuzi asiyeomba karatasi za forodha anajinunulia ugomvi. Kadhalika yafaa asome kile kibati kidogo kilichopigiliwa mlangoni. Hapo pameandikwa mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi dawa iliyotiwa katika mbao za sakafu. Sakafu hizo hutiwa dawa kali za kuua wadudu, zisije zikabeba wadudu nchi hata nchi. Mtoto anayetambaa juu yake hujipaka dawa hiyo mikononi. Ama ing'olewe, ama ifunikwe kwa kitu kisichopitisha. Na aulize lilibeba nini. Chuma hakina harufu yake, ukisikia harufu ujue ni ya mzigo.

Kuna njia ya zamani ya kulijaribu lisivuje. Ingia ndani saa sita mchana, milango ifungwe, utazame juu na pembeni. Tundu lolote litakuonyesha jua. Ila anayefunga milango awe rafiki wa kuaminika.

Jambo jingine wasilolijua wengi ni kwamba nguvu ya kontena iko katika nguzo zake nne za pembeni. Kwa pembe hizo yabebana melini, moja juu ya jingine, hata sita na zaidi. Lakini paa lake ni jembamba, na ubavu wake ukikatwa dirisha kubwa bila kutiwa fremu ya chuma, hulegea. Kuunganisha makontena mawili kwa kuondoa ukuta wa katikati ni kazi ya mhandisi na mchomeleaji hodari, si ya siku moja. Hapo ndipo ule urahisi unaosifiwa huyeyuka.

NYUMBA ZA VIPANDE

Nyumba za vipande ni habari nyingine, na tusizichanganye. Hapa kiwanda hutengeneza kuta, paa na milango, kisha vyote huletwa vikaunganishwa. Lori moja hubeba nyumba nzima, maana vipande hulazwa, wala hawasafirishi hewa kama wanavyofanya wanaobeba kontena tupu. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na watu wengi wasio na nyumba. Kati ya 1945 na 1949 serikali ilisimamisha nyumba za namna hii zaidi ya 150,000. Zilikusudiwa zikae miaka 10. Baadhi watu waliishi ndani yake zaidi ya miaka 50, na walipotakiwa kuhama walikataa.

Karibu nasi, Shirika la Nyumba la Kenya lina kiwanda Mavoko, karibu na Nairobi, kinachotengeneza kuta za povu gumu lililozungukwa na wavu wa chuma, kisha zege hupakwa pande zote mbili. Fumba, Unguja, zipo nyumba za mbao zilizotengenezwa kwa vipande, na aliye na nafasi akazitazame kwa macho yake. Katika kambi za wakimbizi za Kigoma vilipelekwa vibanda vya vipande vilivyobuniwa Sweden, ambavyo watu wachache huweza kuvisimamisha kwa siku moja. Tena jamaa zetu walio Oman na nchi za Ghuba wanazijua potakabini za vibarua tangu zamani, wala hawahitaji kuelezwa. Qatar ilijenga kiwanja kizima cha mpira kwa makontena 974, kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022. Na baada ya tetemeko la Februari 2023 huko Uturuki, maelfu na maelfu ya watu walilala katika miji ya makontena.

Tazameni lakini hiyo mifano. Vita, wakimbizi, tetemeko, vibarua, mashindano ya mwezi mmoja. Katika hali zote hizo jambo lililotafutwa ni haraka. Mtu asiye na dari usiku huu hahesabu futi za mraba. Mfanyabiashara wa Mazwi aliye na chumba cha kupanga, na subira ya mwaka mmoja au miwili, haja yake ni nyingine.

Neno moja la tahadhari juu ya kuta za povu zisizopakwa zege, zenye bati jembamba pande mbili tu, ambazo makampuni ya barabara hujengea kambi zao. Ni nyepesi na huzuia baridi vizuri sana, pengine kuliko tofali. Lakini povu la namna nyingine hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Jiko liwe nje ya nyumba hiyo, mbali.

TOFALI LA UFIPA

Sasa, Mazwi yenyewe hujengwa kwa nini? Hujengwa kwa tofali la kuchoma. Udongo upo, mafundi wapo, na mtu hununua tofali kidogo kidogo kila apatapo fedha, akizipanga kiwanjani mpaka zitoshe. Huo ni utaratibu unaomfaa mtu wa mapato ya msimu, maana tofali 500 za mwaka huu hazioti kutu zikingoja 500 za mwaka ujao. Kontena hulinunui nusu.

Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alinung'unika ya kuwa watu wamezoea mno kutegemea saruji na bati, hata wakakataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae, wakaendelea kukaa katika vibanda wakingoja vitu vya kiwandani. Wazee waliiita saruji udongo ulaya, na katika jina hilo mna kicheko. Twaona maneno ya Mwalimu yangali na uzito, ingawa siku hizi kinachongojwa ni sanduku zima kutoka ng'ambo.

Hata hivyo tofali la kuchoma lina deni lake. Tanuri moja hula kuni nyingi mno. Juu ya mji uko msitu wa milima ya Mbizi, ambako hutoka maji, na kila mji unapopanuka kuni huzidi kutafutwa mbali. Mkulima wa karafuu anajua kukata mti ni kazi ya saa moja, na kuupata mwingine ni kazi ya miaka. Kwa hiyo sisi twawashauri hao vijana watazame tofali za kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa katika mashine ya mkono, tofali likatoka na meno na matundu yanayoshikana na jingine. Halichomwi. Hunyunyiziwa maji kivulini siku kadhaa mpaka likomae, na katika kujenga saruji ya kuunganishia ni kidogo sana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mwanzo wake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa 1971, umefundisha vikundi vingi mikoani kazi hii, na Shirika la Nyumba la Taifa liligawa mashine kwa vikundi vya vijana katika halmashauri. Wakaulize Manispaa kama kuna kikundi chenye mashine hapo Sumbawanga. Saruji hutoka kiwanda cha Songwe, Mbeya, njia fupi kuliko ya bandarini.

Udongo usichukuliwe popote. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Wenye mchanga mwingi hubomoka. Upimwe kwanza.

ARDHI INAPOTIKISIKA

Tungekuwa wasema nusu kama tungeisifu tofali bila kutaja tetemeko. Ufipa iko ukingoni mwa bonde la ufa la Rukwa. Tarehe 13 Desemba 1910 lilipita huko tetemeko linalohesabiwa kuwa la nguvu kiasi cha 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika ya Mashariki katika karne ile. Wakati ule nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Leo ni tofali. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa dogo kuliko hilo kwa mbali sana, na bado watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba nyingi za tofali zilianguka.

Hapa kontena lashinda bila shaka. Tetemeko huliyumbisha, haliliangushi. Kwa nyumba ya tofali, mwenye kujenga asikubali fundi aache lenta ya zege yenye nondo kuzunguka kuta zote, si juu ya milango tu. Mafundi wengine huiruka ili kupunguza gharama, na mwenye nyumba hufurahi. Matundu ya tofali za kufungamana yana faida hapo, maana nondo huweza kusimamishwa ndani yake kwenye pembe, kisha zege nyepesi ikamiminwa.

AMBAPO KONTENA LAFAA

Msomaji atadhani sasa tunalikataa kontena. Sivyo. Wengi wa hao jamaa zetu wa Mazwi wana maduka katika kiwanja cha mtu. Ukijenga kwa tofali katika kiwanja cha kukodi, siku ya kuondoka huachi kodi tu, waacha na nyumba. Kontena hunyanyuliwa likaenda na mwenyewe. Kwa duka, stoo, au ofisi juu ya ardhi isiyo yako, twaona hakuna kitu kizuri kuliko hicho. Mwizi hulipita, panya hawalitoboi, na likichakaa huuzwa. Hata hivyo kibali cha Manispaa kitakiwe kwanza, maana kuna wanaodhani kitu kisicho na msingi hakihitaji ruhusa, kisha huamriwa kukiondoa kwa gharama yao.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazee wanaotaka kupeleka fedha ni hili: fedha ya kwanza inunue kiwanja chenye karatasi safi, ya pili tofali, na kama kijana ana haja ya kontena, liwe moja la futi 20 kwa ajili ya duka. Asilale ndani. Anayelala dukani kwa kuogopa wezi, na tunajua wapo, akate matundu ya hewa kabla ya usiku wa kwanza.

Tumebakiwa na habari ya hapa kisiwani. Kwa dago la wachumaji hatulipendi kontena. Joto la Pemba si baridi ya Ufipa, lakini bati ni lile lile, na mchumaji aliyeshinda juu ya mti anastahili mahali pa kulala penye upepo. Kibanda cha miti na makuti chamshinda kontena, na vifaa vyake viko shambani. Tena hewa ya chumvi hulila chuma upesi, hasa kwenye pembe za chini maji yanapotuama.

Kwa ghala, laweza kufaa kwa masharti. Karafuu iingie imekauka kweli kweli, inayokatika kwa mlio ikikunjwa. Ikiingia na unyevu, lile jasho tulilolitaja litadondoka juu ya magunia usiku, na karafuu ya daraja la kwanza itatoka imekuwa mpeta. Kontena liinuliwe juu ya matofali manne kwenye pembe, liwekewe paa la makuti juu yake lisipigwe na jua, magunia yakae juu ya vichanja mbali na kuta kiasi cha shibiri mbili. Sakafu yenye harufu ya dawa ikataliwe kabisa, maana mnunuzi wa karafuu hununua kwa pua. Na matundu ya hewa yatiwe wavu wa chuma wenye macho madogo, kwa kuwa panya wa Pemba hawatoboi bati, lakini tundu lililokatwa na fundi wanalijua siku ile ile.